Mionzi inayoishia kwenye ngozi

Wagonjwa wengi wa maikosisi fungoidi hufika kwetu kwenye tiba ya mionzi wakiwa wameshapaka dawa za fangasi na za pumu ya ngozi kwa miaka. Si kosa lao. Mabaka huanzia mapajani, matakoni au kiunoni, mahali pasipopigwa na jua. Yanawasha, yanafifia, kisha yanarudi. Hata jina la ugonjwa, linalotaja fangasi, linapotosha. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyeueleza mwaka 1806, aliona vivimbe vyake vinafanana na uyoga, lakini fangasi haihusiki hata kidogo. Hii ni limfoma: saratani ya chembe nyeupe za damu aina ya T zilizoweka makazi kwenye ngozi. Haiambukizi. Huthibitishwa kwa kukata kipande cha ngozi na kukipima, na mara nyingine kipimo hurudiwa zaidi ya mara moja ndipo jibu lipatikane.

Seli hizi hazistahimili mionzi. Uvimbe mmoja unaosumbua unaweza kunywea kwa grei 8 tu (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili), ilhali saratani nyingine nyingi huhitaji 60 au zaidi.

Mabaka yakitapakaa mwili mzima, tunatumia mionzi ya elektroni. Hupenya ngozi, huishiwa nguvu hapo hapo, na moyo, mapafu na utumbo hubaki salama. Mgonjwa husimama mita kama 3 au zaidi kutoka kwenye mashine na kubadili mikao sita ili kila upande ufikiwe. Nyayo, utosi, chini ya matiti na katikati ya mapaja hubaki kivulini, kwa hiyo sehemu hizo huongezewa dozi peke yake. Macho hukingwa. Kusimama tuli kunachosha, hasa wazee. Ukilemewa, sema, tutasimamisha mashine upumzike.

Zamani dozi ya mwili mzima ilikuwa grei 30 hadi 36, kwa wiki 8 hadi 10. Siku hizi mara nyingi tunatoa 12, kwa wiki zipatazo 3. Ninaipenda njia hii kwa sababu madhara hupungua na tiba inaweza kurudiwa, maana ugonjwa ulioenea kwa kawaida hurudi, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo tangu mwanzo. Tunachompa ni nafuu: ngozi iliyotulia na usiku wa kulala bila kujikuna.

Tarajia ngozi kuwaka na kukauka, miguu kuvimba, jasho kupungua, uchovu, pengine kucha kung'oka. Nywele hunyonyoka, kisha kwa kawaida huota tena. Usipake chochote kabla ya kutuuliza.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama mgonjwa anaweza kumbeba mtoto akirudi nyumbani. Ndiyo, siku hiyo hiyo. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwake.