Jina Limekuja. Kwa Hiyo?

Juzi mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, anauza vitenge hapa Mwanga, Kigoma, kaja kwenye kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu na laki tatu na nusu. Anataka nimwekee kwenye simu yake halafu nimsaidie kumtumia mchumba. Wamejuana Facebook, sasa mwezi wa nne. Mchumba ni Mwingereza, injinia wa visima vya mafuta, yuko katikati ya bahari. Namba ya kumtumia hela ni ya hapahapa Tanzania.

Nikamwambia, "Mama, tuongee kidogo kwanza." Akanijibu neno ambalo nikilisikia tena nitafunga kibanda nikauze migebuka Kibirizi: "Lakini mwanangu, si jina limekuja?"

Limekuja kwenye simu kabla ya kutuma, ndiyo. Majina matatu ya Kitanzania, la kwanza la kike. Huyo ndiye injinia wa Kiingereza.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Tangu hapo watu wameshika imani kwamba jina likitokea kabla ya kuweka namba ya siri, basi mtu mwenyewe kathibitishwa, na akikimbia anakamatwa asubuhi. Sivyo. Jina linakuambia ni kidole cha nani kiliwekwa kwenye kile kimashine. Simu iko mkononi mwa nani leo, hilo halisemi.

Msajili wa barabarani asiye mwaminifu anamwambia bibi aliyeshuka na basi la Kasulu, "Kidole hakijasoma, weka tena." Bibi anaweka tena, na hapo imezaliwa laini ya pili asiyoijua. Piga *106# sasa hivi uone zako ziko ngapi, usinisubiri nimalize. Halafu kuna vijana wanaosajili kwa jina lao wenyewe wakaiuza laini kwa hela ya kula siku mbili.

Ila linaloniumiza zaidi ni hili. Jina hilo la kike linaweza kuwa la mchumba mwingine wa injinia huyohuyo. Ameambiwa, "Mpenzi, kuna mtu wangu ananilipa deni, pokea wewe kisha uisukume kwenye namba hii." Anapokea, anasukuma, anajiona mke anayeaminiwa na fedha za mume. Kumbe ni bomba la kupitishia. Siku polisi wakilifuata jina, wanamkuta yeye jikoni kwake na sufuria mkononi, naye keshatumia mpaka akiba yake. Kwa hiyo mnapokuja kibandani kumtukana "mwizi huyu mwenye jina hili", mjue huenda mnamtukana mwenzenu.

Mengine nayapitia haraka maana nimechoka. Umemwona kwa video? Video nayo hutengenezwa, na picha ya sekunde tano inayokatikakatika si mtu. Alikutumia elfu ishirini yeye kwanza? Chambo hicho. Mzigo wa zawadi umekwama forodha Dar? Ushuru wa serikali unalipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, haulipwi kwenye simu ya mtu. Na yule anayekuja baadaye kusema atakurudishia ulichoibiwa ukimlipa kidogo, ni tapeli yuleyule kabadilisha shati.

Halafu ujumbe wenyewe, mama alinionyesha: "Mpenzi ongezea na ya kutolea." Jamani! Injinia wa Uingereza, mshahara kwa pauni, anajua makato ya kibanda cha Mwanga kuliko mimi wakala?

Ukishatuma, piga huduma kwa wateja hapohapo, usingoje kumaliza kulia. Hela ikiwa bado haijatolewa, kuna uwezekano ikazuiwa. Ikishatolewa, ni maji yaliyomwagika. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Nikiri na langu. Mimi kila muamala nina kamisheni, kwa hiyo ushauri wangu unanipunguzia mkate, na zipo siku nimenyamaza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Na mara moja nilimkatalia binti mmoja kwa ukali, nikamwambia anaibiwa mbele ya watu. Mchumba akaja kweli, kutoka Bujumbura, wakapita kibandani makusudi wameshikana mikono. "Shikamoo wakala," binti akasema, na sote tulijua ile haikuwa shikamoo. Tangu hapo ulimi wangu ni mzito. Nauliza tu: mbona jina si lake? Mbona kila hela inatakiwa kabla ya saa kumi? Jibu likiwa ni hasira, nanyamaza.

Mama wa vitenge alichukua laki tatu na nusu yake akatoka. Kibanda cha pili kiko hatua ishirini kutoka kwangu. Jana kaja kununua vocha ya buku, tukaongea bei ya mawese ilivyopanda. Habari za Mwingereza hatukuzigusa.