Analala, Kwa Hiyo Alipwe Nini?

Nimeisikia tena, safari hii baada ya ibada, chai ikimiminwa, kutoka kwa mama ninayemheshimu na ambaye ana nyumba za wazee kusini mwa Seattle, huku Marekani. "Sista, yule msichana anakaa kwangu bure, chakula ni changu, na usiku analala. Sasa usiku nimlipe wa nini?" Waliokuwa mezani wakaitikia kwa vichwa. Mmoja wao ni mhudumu, analala kwenye nyumba ya mtu siku tano kwa juma, na yeye pia akaitikia. Nikamaliza chai yangu nikaja kuandika.

Mimi ni nesi wa kukasimu. Jimbo la Washington linaruhusu nesi mwenye leseni amkasimu mhudumu kazi kama kuchoma insulini, mradi amfundishe na kumsimamia. Kwa insulini narudi kila wiki kwa wiki 4 za kwanza, na baada ya hapo si chini ya mara moja kila siku 90. Mhudumu akikosea, nami nitaulizwa nilimfundishaje na nilimsimamiaje. Ndiyo maana usingizi wake unanihusu kuliko baadhi ya watu wanavyotaka unihusu.

Kwa mlio nyumbani mnaowaza jengo kubwa lenye lifti: hizi ni nyumba za kawaida za mtaani, zenye gereji na majani mbele, na wazee wasiozidi 6; tangu 2020 baadhi huruhusiwa 7 au 8. Wamiliki si wachache ni Wakenya wenzetu. Na kuna wanaoamini kwamba kwa kuwa nyumba ni ndogo, sheria ya kazi haiioni. Inaiona. Sheria ya shirikisho ya saa na mishahara imezitaja kwa kusudi taasisi zinazolaza na kuhudumia wazee na wagonjwa, bila kujali zinaingiza kiasi gani. Hilo limekwisha.

Sasa usiku. Mzee wa chumba cha kwanza alipata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu, na lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda vya kulalia. Bibi wa chumba cha pili ana ugonjwa wa kusahau. Saa saba usiku ameshavaa koti anatafuta mlango, anachelewa kazini. Wa tatu haendi msalani bila kushikwa. Mhudumu mwenyewe yuko kwenye kochi sebuleni, kaspika ka kusikilizia chumba cha mzee kako karibu na sikio. Huyo ndiye tunayesema analala.

Asubuhi nafika, nafungua faili. Chati ya kugeuza: saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Kila mraba una herufi mbili zilezile za jina lilelile. Halafu karatasi ya mshahara ya mtu huyohuyo inakata muda wa saa 8 wa usingizi, kila usiku, mwezi mzima. Karatasi hizi mbili haziwezi zote kuwa kweli. Ama mzee hakugeuzwa, ama mhudumu hakulala. Mwenye nyumba achague. Akichagua la kwanza, ametelekeza mzee, na wakaguzi wa jimbo wana la kumwambia. Akichagua la pili, ana deni la mshahara. Nimewahi kumweleza mwenye nyumba hivyo kwa upole, akaniuliza kama nimekuja kuangalia sukari au kuangalia vitabu vyake vya hesabu.

Niongeze jambo linalonikera zaidi. Mara nyingine chati yote ya usiku imeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko umelala upande mmoja, wino haujabadilika hata kidogo kutoka saa nne hadi alfajiri. Hiyo imejazwa kwa mkupuo mmoja wakati uji unachemka. Labda aligeuza kweli na hakuwa na muda wa kuandika. Labda hakugeuza. Mimi siwezi kujua kwa kutazama karatasi; nitamgeuza mzee nitazame ngozi ya kiuno na visigino. Lakini wewe mhudumu, siku utakapotaka kuthibitisha kwamba ulikuwa macho, ukurasa wa namna hiyo hautakusaidia, na aliyekuambia "jaza tu tusipatikane na makosa" hatasimama nawe.

Sheria yenyewe si ngumu, ila watu hukariri kipande kimoja na kuacha vingine. Zamu ikiwa chini ya saa 24, kila dakika ni kazi, hata ukiruhusiwa kusinzia. Zamu ya usiku ya saa 12 haina usingizi wa kukatwa, nukta. Ikifika saa 24 au zaidi, mwajiri anaweza kuondoa usingizi usiozidi saa 8, lakini kwa masharti: mmekubaliana, amekupa mahali panapofaa pa kulala, na kwa kawaida unalala bila kukatizwa. Ukiamshwa, muda huo unarudi kuwa kazi. Na usipopata angalau saa 5 za usingizi, usiku wote unahesabiwa kuwa kazi. Anayeishi hapohapo kwa muda mrefu ana utaratibu wake wa makubaliano, lakini nao hauna nafasi ya kumfanyisha mtu kazi bure. Mlinzi wa geti kule Nairobi analipwa usiku mzima hata mwizi asipokuja, hakuna anayemwambia "ulikaa tu."

Tufanye hesabu. Tuseme umeahidiwa dola 150 kwa siku. Ukilala kweli saa 8, unagawanya kwa saa 16: dola 9 na senti kama 37 kwa saa. Usipolala, unagawanya kwa 24: dola 6 na senti 25. Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25, na hakijasogea tangu 2009. Natumia hicho makusudi kwa sababu ndicho cha chini kabisa. Cha Washington kimezidi mara mbili yake. Na bado hatujagusa ovataimu. Kulipwa kwa siku hakufuti ovataimu, hata kama mlipeana mikono.

Chumba na chakula: mwajiri anaweza kuhesabu gharama halisi, kwa kumbukumbu zilizoandikwa, na si pale unapokaa kwa faida yake yeye. Kochi la sebuleni si chumba. Makaratasi ya uhamiaji: kama huna, saa ulizofanya bado ni zako, sheria hiyo ya mshahara haiulizi viza. Kutumiwa pesa kwa simu, kwa Zelle, bila karatasi yoyote na kuambiwa wewe ni "mkandarasi", yaani mtu anayejitegemea na si mwajiriwa, hakukufanyi mkandarasi wakati yeye ndiye anayekupangia zamu, wazee na hata saa ya kupika.

Sasa upande ambao huwa siusemi hadharani. Jimbo humlipa mwenye nyumba kwa siku, kwa kila mzee wa Medicaid, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kulingana na kiwango cha mahitaji yake. Siku hiyo ina usiku ndani yake. Mpango wa huduma umeandika msaada wa usiku, na ameusaini. Kwa hiyo analipwa. Lakini nimekaa na baadhi yao, tukapiga hesabu ya wahudumu wawili kwa zamu, usiku mtu awe macho, na nyumba yenye wazee wote wa Medicaid haikutoka vizuri. Ikifungwa, yule bibi wa koti anapelekwa kituo kikubwa ambako hakuna anayejua kwamba hutulia ukimpa kikombe cha chai. Sina jibu safi hapo. Najua tu kwamba pengo hilo halipaswi kuzibwa kwa usingizi wa msichana mmoja.

Kuna jingine. Sheria inanilazimisha kuripoti mzee akidhulumiwa au kutelekezwa. Kuhusu mhudumu kudhulumiwa mshahara, hainilazimishi kitu. Nikiripoti, huenda akafukuzwa kesho, na ndipo alipokuwa analala. Kwa hiyo huwa namuuliza kwanza yeye. Wengi hunijibu, "Sista, acha tu, anti alinipokea nilipotua." Anti alikupokea, ni kweli. Mshukuru kwa njia nyingine.

Unachoweza kufanya leo: nunua kadaftari, kakae mfukoni, si kwenye faili la nyumba. Kila unapoamka andika tarehe, saa, nani, umefanya nini, umerudi kulala saa ngapi. Andika usiku uleule. Madai ya shirikisho hurudi nyuma miaka 2, au 3 mwajiri akionekana alijua anachofanya, kwa hiyo kila mwezi unaongoja unapoteza mwezi wa nyuma. Akikuuliza nani amekufundisha kuandika saa, mwambie ni yule nesi wa insulini.