Nakala elfu moja si mtaji: dhana potofu za waandishi wanaojichapishia

"Dada, nakala mia moja bei iko juu mno. Bora nichape elfu moja kabisa, ndiyo nitaiona faida."

Maneno haya nayasikia kwa karibu kila mwandishi anayeniletea mswada. Wengine wanakuja wameshakopa kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Wengine wameshamlipa mchapaji kabla mswada haujapita kwa mhariri, na wanachotaka kwangu ni mbinu za kuuza, mzigo umeshashushwa sebuleni. Nimechoka kuipiga hesabu hii upya kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naiandika.

Mchapaji hakudanganyi anaposema bei ya nakala inashuka. Kwenye ofseti, uchapaji wa mashine kubwa, gharama kubwa iko mwanzoni: kutengeneza pleti, yaani bamba za kuchapia, kuiandaa mashine, kuzipatanisha rangi, na karatasi zinazoharibika kabla kazi haijakaa sawa. Gharama hizo hazibadiliki ukichapa nakala 300 au 3,000, hivyo idadi ikiongezeka kila nakala inabeba sehemu ndogo zaidi. Dijitali, inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili la kompyuta, haina pleti. Nakala ya kwanza na ya mia moja zinagharimu karibu sawa, tena juu kuliko ofseti ya mzigo mkubwa. Mpaka hapo mwandishi yuko sahihi. Anapopotea ni pale anapochukua bei ya nakala iliyochapwa na kuifanya ndiyo gharama ya nakala iliyouzwa.

Chukua kitabu cha kurasa 160. Takwimu hizi ni za mfano, weka za mchapaji wako mwenyewe. Ofseti nakala 1,000 kwa shilingi 3,500 kila moja: umetoa 3,500,000. Dijitali nakala 100 kwa shilingi 7,000: umetoa 700,000. Bei ya msomaji ni 15,000, duka linakata asilimia 35, wewe unabaki na 9,750.

Mwaka unapita, umeuza nakala 250. Mkononi zimeingia 2,437,500. Aliyechapa elfu moja bado anadaiwa na hesabu yake 1,062,500, na nakala 750 ziko chini ya kitanda. Kila nakala aliyouza imemgharimu shilingi 14,000, si 3,500. Aliyechapa mia, kisha mia, kisha hamsini, ametumia 1,750,000 na amebaki na 687,500. Huyu wa pili ndiye aliyekataa "bei nafuu".

Kwa mfano huu mstari uko kwenye nakala 500. Ukiuza pungufu ya hapo, mzigo mdogo ndio nafuu, japo bei ya nakala moja ni mara mbili. Ukiuza zaidi, ofseti inakulipa, na ukimaliza zote elfu moja inakulipa vizuri sana. Kwa hiyo suala si mchapaji gani ana bei ndogo, bali una ushahidi gani kwamba utauza zaidi ya 500. Hapo ndipo ninapoambiwa habari za wafuasi wa Facebook. Mfuasi anabonyeza bure. Mnunuzi anatoa shilingi 15,000 na nauli ya kutumiwa mzigo.

Zoezi ninalowapa wote ni hili: niandikie majina 50 ya watu watakaonunua kitabu chako, wasiwe ndugu zako, na kila jina liwe na namba ya simu. Halafu wapigie. Waambie kitabu kinatoka mwezi fulani, bei ni hii, anayelipa sasa atapata nakala iliyosainiwa. Fedha zinazoingia ndizo utafiti wa soko. Wasipolipa hata 20 katika hao 50, elfu moja za nini?

Kuna sababu nyingine ya kuanza na mia ambayo haiko kwenye jedwali la gharama. Toleo la kwanza la kitabu cha kujichapishia lina makosa. Herufi imeruka, ukurasa umejirudia, muhtasari wa jalada la nyuma hauvutii mtu. Ukiwa na nakala 100 unasahihisha na kuchapa tena mwezi ujao. Ukiwa na elfu moja unauza kosa lako kwa miaka, au unabandika stika. Na kama unakaa Dar au Mombasa, unyevu wa pwani unayajua makaratasi. Nimeona maboksi yaliyowekwa sakafuni wakati wa masika yakitoka na kingo zilizovimba, wala hakuna duka litakalopokea kitabu cha namna hiyo.

Je, kuna wakati wa kuchapa elfu moja? Upo. Ukiwa na oda ya maandishi na malipo ya awali, kwa mfano kutoka kwa kanisa, taasisi au waandaaji wa semina, nenda ofseti bila woga. "Shule zitanunua" si oda. Kitabu kinachotaka kuingia darasani nchini Kenya kinapita kwenye tathmini ya KICD, taasisi ya mitaala ya huko, na Tanzania kinapita Taasisi ya Elimu Tanzania. Ithibati itangulie, mashine ifuate. Na ukishauza mia mbili kwa dijitali huku wanunuzi wanaendelea kuuliza, hapo pia sitakuzuia.

Wanunuzi hao waandike kwenye daftari. Jina, simu, mji, tarehe. Nalisisitiza hili kuliko lolote, kwa kuwa kitabu chako cha pili kitauzwa kwanza kwa walionunua cha kwanza, na duka halitakupa majina yao.

Tukiwa bado kwenye maduka: wengi wanaamini duka likipokea vitabu limevinunua. Halijanunua. Limechukua kwa mali kauli, yaani litakulipa likiuza, na visipouzika utarudishiwa, vingine vimechubuka. Usiache mzigo bila hati ya makabidhiano yenye idadi, asilimia ya kamisheni na tarehe ya kuhesabu. Acha nakala tano, si hamsini. Pita mwenyewe kila mwezi, kwa adabu, uhesabu rafu. Muuzaji anayekuona anakikumbuka kitabu chako mteja anapouliza. Nairobi kuna duka kama Nuria lililojijengea jina kwa kupokea vitabu vya waandishi wanaojichapishia, nalo ni pa kuanzia pazuri kwa wa Kenya, lakini hata huko rafu haikutangazii kitabu.

"Nina ISBN, kwa hiyo hawawezi kuniibia." ISBN ni namba ya utambulisho. Inawawezesha wauzaji na maktaba kukitofautisha kitabu chako na kingine, basi. Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Tangu 2007 ina tarakimu 13, na chapa ya karatasi na kitabu cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. Haki yako ya kisheria inazaliwa unapoandika, kwa sababu nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao hauhitaji usajili wowote ili kazi ilindwe. Kusajili COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro, na nashauri ufanye hivyo. Ila tazama jambo moja linalopuuzwa: kampuni "inayokusaidia kuchapisha" ikitumia ISBN yake, kwenye kumbukumbu mchapishaji ni wao. Omba yako mwenyewe.

Kuhusu uzinduzi sina mengi. Ukumbi, keki, mgeni rasmi na fulana ni gharama, na wengi wa waliohudhuria wangenunua hata ukiwapelekea ofisini. Fedha hizo mpe mhariri. Mwandishi anayeniambia hana fedha za mhariri kisha anakodi ukumbi ananiumiza kweli, maana kitabu ndicho kitakachobaki.

Wapo pia wanaonong'ona kwamba kujichapishia ni kwa waliokataliwa. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya wa Tanzania, alianzisha Heko Publishers. David Maillu, mwandishi wa Kenya, aliuza vitabu vyake Nairobi miaka ya 1970 kupitia Comb Books, kampuni yake mwenyewe. Wasomaji waliwatafuta.

La mwisho ni Amazon. "Nikikiweka huko dunia nzima itakiona." Kinawekwa kati ya mamilioni, na hakuna atakayekiona usipomwelekeza wewe. Kwa kitabu cha kielektroniki, mgawo wako wa asilimia 70 una masharti: bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na mnunuzi awe katika nchi zilizoorodheshwa. Tanzania na Kenya hazimo, kwa hiyo msomaji wa hapa anakuletea asilimia 35. Mgawo wako wa mauzo ya Marekani nao unakatwa kodi ya asilimia 30 kule kule, maana nchi zetu hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Na msomaji wako wa Mbeya anataka kulipa kwa simu na kupokea kifurushi kituo cha basi.

Faida ya Amazon iko kwingine. Waswahili walioko Minneapolis, London au Toronto wanatafuta vitabu vya kuwasomea watoto wao, na kusafirisha nakala moja kutoka Dar kunaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Kwa hao, kitabu kinachochapwa huko huko mteja anapoagiza kinafaa kabisa. Tafuta jumuiya zao, kanisa lao, msikiti wao, darasa lao la Kiswahili la Jumamosi, uwatumie kiungo. Nakala za kuuza hapa chapa hapa.