"Dokta, Pingili Zimesagika": Dhana Potofu za Mgongo Ninazozisikia kwa Maseremala

Fundi mmoja wa hapa Mafinga, wilayani Mufindi, aliingia ofisini kwangu juzi ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, ameilaza kama mtu aliyebeba trei la mayai. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya kiuno chake. Ana miaka 46, karakana yake iko uani nyuma ya nyumba, na hutengeneza milango na vitanda vya paini. Kabla sijamkaribisha kiti akasema, "Dokta, mimi pingili zimesagika. Nimeambiwa mambo ya kuinama basi."

Nikamwomba avue viatu nimpime. Akamwita mwanawe aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje. Kijana akaingia, akanipa shikamoo, akapiga goti na kumfungulia baba yake kamba za viatu. Baba huyo, mtu mzima, mwenye ufundi wa miaka ishirini na ushee, mwenye mikono inayonyanyua fremu ya mlango peke yake, anaogopa kufikia kiatu chake kwa sababu ya neno moja aliloambiwa miezi minne iliyopita.

Huyo ni wa tatu mwezi huu, na nimechoka kulisikia neno hilo. Mafundi sina kinyongo nao. Kinyongo ninacho na hilo neno lenyewe.

"Picha imeonyesha pingili zimesagika, kwa hiyo nisifanye kazi"

Mtu akisikia "kusagika" anafikiria mahindi yanavyoingia mashineni yakatoka unga. Anajiona kila akiinama mfupa unapukutika. Ukisoma taarifa yenyewe iliyoambatana na picha, mara nyingi inasema diski, yaani zile pedi laini zilizo kati ya pingili na pingili, zimepungua kimo kidogo na kingo za mfupa zimeota vichomozo. Hayo ni mabadiliko yanayokuja na umri, na yanawapata hata watu wasioumwa chochote.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizopiga picha migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu kabisa. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wenye miaka 80 ilifika 96. Hao wote walikuwa wazima, wanatembea, wanafanya shughuli zao. Kwa hiyo ukiniletea picha ya mtu wa miaka 46 yenye diski zilizochakaa, umeniletea picha ya mtu wa miaka 46. Haijaniambia kwa nini mgongo unauma, na haijaniambia kwamba fundi huyu aache kazi.

Fundi nilimweleza kwa mbao, maana ndiyo lugha yake. Nilimuuliza: boriti ya paini ikishakauka ikapasuka nyufa ndogo usoni, huwa unabomoa paa? Akacheka, akasema zile ni nyufa za kukauka tu, boriti inabeba bati miaka na miaka. Nikamwambia ndivyo mfupa wako ulivyo kwenye hii picha.

Kibaya zaidi ni kinachofuata baada ya hilo neno, yaani kulala. Miezi minne huyu ndugu alikuwa wa kitandani na kwenye kochi. Aliwaruhusu vijana wake wawili wa kazi waende zao. Nilipompima, misuli ya mapaja na makalio ilikuwa imelegea, na hata kusimama kutoka kwenye kiti alijisukuma kwa mikono. Maumivu ya kwanza yalikuwa ya misuli na viungo vya kiuno vilivyochoka, na kwa kawaida yangepungua sana ndani ya wiki chache. Aliyonayo sasa yametengenezwa na kitanda.

Jambo hili si geni. Mwaka 1995 kulichapishwa utafiti wa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, Finland, waliokuwa wameshikwa ghafla na maumivu ya kiuno. Wengine waliambiwa walale siku 2, wengine wakapewa mazoezi maalumu, wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza kuvumilia. Waliopona haraka zaidi ni hawa wa mwisho. Siku 2 tu za kulala ziliwachelewesha wenzao, na mimi ninaletewa watu waliolala miezi. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Inapata maji na chakula kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, na kazi hiyo inafanywa na mwendo.

Siku ya Jumamosi nilikwenda kwake kuona karakana. Karibu kila fundi ninayemtibu hupenda kunionyesha mgongo, na mimi napenda anionyeshe meza. Meza yake ya kazi niliipima kwa futi nikakuta sentimita 61. Aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akiitumia kukatia mbao kwa msumeno wa mkono huku goti likiwa juu ya ubao, na kwa kazi hiyo kimo kile kilifaa. Lakini fundi wangu ni mrefu, na juu ya meza hiyohiyo anaranda, anapiga patasi, anapiga msasa, saa nne au tano mfululizo, kiwiliwili kimening'inia mbele bila kurudi juu. Hapo ndipo penye tatizo lake. Hakuna eksirei inayopiga picha ya meza.

Kipimo ninachowapa mafundi wote ni hiki: simama wima umevaa viatu vya kazi, acha mikono ining'inie, kunja ngumi. Kwa kuranda kwa mkono, meza ifike kwenye vifundo vya hiyo ngumi, ili uzito wa mwili usukume randa badala ya kiuno. Kwa kazi ndogo za macho, kama kuchora viungo vya mbao na kuchonga kwa patasi, inue kile unachofanyia kazi kifike chini kidogo ya kiwiko. Kibao kizito kilichofungwa juu ya meza kinatosha, huhitaji meza ya pili.

Kwake tulihitaji sentimita 23 za nyongeza. Kulikuwa na gogo la mlingoti (mkaratusi) kwenye kona, limekauka vizuri. Alisita, akaniangalia, kisha akachukua penseli, akaanza kuchora. Alikata vipande vinne, akavichimba mashimo ya kina kifupi ili miguu ya meza izame ndani isiteleze. Katikati ya kazi patasi ilianguka kwenye maranda. Aliinama akaiokota, akarudi kwenye kipande chake, akapiga nyundo mara mbili tatu, ndipo akasimama ghafla na kunitazama. Sikusema neno. Mwanawe mlangoni ndiye aliyesema, "Baba, umeinama."

"Kuinama ndiko kunakoua mgongo"

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza. Uti wa mgongo una viungo vingi kwa sababu umeumbwa kukunjika. Kuinama na kuinuka haudhuriki nako. Kinachouchosha ni kukaa umeinama muda mrefu bila kubadilisha, na kuurushia mzigo ghafla wakati haujazoea. Basi panga kazi zako zipishane: randa dakika 20 au 30, halafu ondoka ukapime, ukachanganye gundi, ukapake vanishi mlango uliosimamishwa ukutani. Kama kazi ni ya kusimama tu, weka mguu mmoja juu ya kipande cha mbao, baadaye badilisha. Kama sakafu ni saruji, tandika boksi la karatasi au mkeka wa zamani mahali unaposimama. Miguu itakushukuru, hasa kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba.

Kuhusu asubuhi nina ushauri mmoja ambao siuachi. Usiku diski hunywa maji na kuvimba kidogo, ndiyo sababu mtu huamka ana kimo kikubwa kidogo kuliko alivyolala. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka zimejaa na zimekakamaa, kwa hiyo usianze siku kwa kubeba mbao. Tembea kwanza. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia uliofuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliopangiwa ratiba ya kutembea walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, na wasiopangiwa walikaa 112. Hizo ni za katikati, wapo waliozidi na waliopungukiwa. Kutembea ni bure, na barabara za Mufindi zinapanda na kushuka vya kutosha.

Na mbao mbichi zisikudanganye. Paini iliyotoka kupasuliwa leo inaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya ileile ikishakauka. Fundi anayesema "mbao hizi nazibeba siku zote" anasahau kwamba zile za siku zote zilikaa kwenye rundo miezi. Zikishushwa mbichi, beba wawili.

"Nivae mkanda"

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na mikanda ya kiuno imo kwenye orodha ya vitu visivyoshauriwa kutumika kama kawaida. Hela ya mkanda nunua gundi.

"Lala chini kwenye ubao mgumu"

Hapana. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 uliwalinganisha watu 313 wenye maumivu ya kiuno. Waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi kuliko waliolalia gumu sana. Na kwa baridi ya Njombe au Makete, anayelala sakafuni ataamka amekakamaa mwili mzima.

"Ni baridi imeingia mgongoni"

Baridi haiingii kwenye uti. Misuli iliyopoa hukaza, ndiyo maana unahisi hivyo. Vaa sweta, tembea, anza na kazi nyepesi mpaka jasho lianze kutoka.

"Pingili imehama, nimpate mtu wa kuirudisha"

Pingili haihami kwa kuinua mbao kisha ikarudishwa kwa kidole gumba. Kukandwa kunaleta nafuu, sikukatazi. Lakini nafuu ile inatokana na misuli kulegea, na anayekuambia amerudisha mfupa mahali pake anakufanya uamini una mfupa unaotoroka.

"Nile bamia ziongeze ute"

Bamia ni mboga nzuri, mimi mwenyewe nazila na ugali. Ule ute ukifika tumboni unameng'enywa kama chakula kingine. Hakuna njia yoyote unayopitia kwenda kwenye diski wala kwenye goti.

"Ni figo hizi"

Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, chini ya mbavu upande mmoja au yote, hayajali umekaa au umesimama, na mara nyingi huja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo. Maumivu yako ya kiunoni yanayozidi ukiranda na kupungua ukijinyoosha si hayo. Ninachoomba mnielewe hapa ni hiki: wapo wanaoogopa figo, na kwa hofu hiyohiyo wananunua dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki dukani na kuimeza miezi kadhaa, au kuchomwa sindano zake kila wiki. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu bila usimamizi ndiyo inayoweza kuharibu figo, kuleta vidonda vya tumbo na kupandisha presha. Siku chache, kwa maelekezo, sawa. Miezi, hapana.

"Mgongo ni mgongo tu, utaisha wenyewe"

Baada ya yote hayo, hii nayo niikatae kwa nguvu ileile. Maumivu mengi ya kiuno si hatari, lakini machache ni hatari kwelikweli, na kwa huku kwetu nina mawili ninayoyatafuta kila mara. La kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo inayoongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya VVU, na anayeishi na VVU ni rahisi zaidi kuugua kifua kikuu. Maumivu yanayokuamsha usiku, jasho la usiku, homa za jioni, nguo zinazidi kupwaya: nenda ukapimwe, hata kama hukohoi. La pili ni homa ya maziwa yasiyochemshwa, bruselosi, inayowapata wanaofuga na hata wanaokunywa maziwa ya jirani. Nayo hupenda kiuno na nyonga. Hapo picha na vipimo vya damu vina kazi, na mimi ndiye wa kwanza kukuandikia uende.

Lipo na la tatu, ambalo halisubiri miadi ya mtu. Ukipata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila wewe kujua, au mguu ukaanza kuburuta, mshipa wa fahamu umebanwa vibaya. Panda gari usiku huohuo uende hospitali yenye daktari wa upasuaji, na ukifika mapokezi taja mkojo na ganzi kabla hujataja mgongo.