Namba ya mtambo inasomwaje, na nani anaruhusiwa kuisoma

Kiwanda kimoja huweza kuwa na mita za umeme, kidhibiti cha pampu na vipima joto kutoka kwa watengenezaji tofauti. Bila programu ya kuviunganisha, fundi huzunguka na daftari akinakili namba. Programu huuliza kila kifaa kwa itifaki yake, yaani kanuni za mawasiliano kinazozielewa, hata kila sekunde, na kukusanya majibu mahali pamoja.

Itifaki iliyozoeleka sana ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Ni nyepesi mno: kompyuta inauliza, kifaa kinajibu, basi. Thamani hukaa kwenye rejesta za biti 16, yaani visanduku vya kumbukumbu vyenye namba, na rejesta haijielezi. Ukisoma 215, huenda ni volti 215, huenda ni nyuzi joto 21.5 iliyotumwa bila nukta. Jibu liko kwenye jedwali la rejesta la mtengenezaji, nalo lina mitego yake. Rejesta iliyoandikwa 40001 kwa kawaida huombwa kwa anwani 0. Ukipishana kwa moja unasoma ya jirani, na hakuna kengele itakayolia. Namba zenye desimali aghalabu huchukua rejesta mbili, na watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie. Zikigeuzwa, presha ya bar 10.0 huonekana sifuri kwenye skrini. Fundi anafungua kipimio, anabadilisha waya, kumbe vyote ni vizima.

OPC UA, itifaki nyingine iliyotoka mwaka 2008, ilikuja na dawa ya hilo: namba inaweza kusafiri pamoja na jina lake, kipimo chake na muda iliposomwa. Mtangulizi wake wa 1996 ulitegemea Windows, huu hauitegemei. Vifaa vya zamani havihitaji kutupwa, kwani zipo programu zinazosoma Modbus upande mmoja na kutoa OPC UA upande wa pili.

La usalama halina mjadala. Modbus ya kawaida haina nywila: anayefika kwenye poti 502, mlango wa mtandao ambao Modbus hutumia, anaweza kusoma, na kifaa kikiruhusu, anaweza pia kuandika, yaani kuzima pampu. Usiiache wazi kwenye intaneti hata kwa siku ya majaribio. OPC UA ina vyeti vya kidijitali vya kuthibitisha nani anaunganishwa, na usimbaji wa kuficha data njiani, lakini mara nyingi wafungaji huuzima ili wamalize kazi mapema. Kabla ya kusaini makabidhiano, mwambie mfungaji akuonyeshe kwamba usimbaji umewashwa, na akukabidhi jedwali la rejesta la kila kifaa.