Bunduki ya upepo ya springi: ipi ya bei nafuu itatunza shabaha?

Watu wengi wanaonifuata hapa Dodoma kutaka ushauri wa bunduki ya upepo huanza na swali moja: "Fundi, ipi ya bei nafuu inapiga kwa kasi zaidi?" Wanakuwa wameshaona boksi lililoandikwa futi 1,200 kwa sekunde, au 1,300, na bei yake inavutia. Nami huwauliza: mwaka wa tatu ukifika, risasi zako tano zitakusanyika wapi kwenye karatasi? Kasi ya kwenye boksi haijibu swali hilo.

Kabla ya bei kuna sheria. Umiliki wa silaha na risasi nchini unasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na anayepokea maombi ni polisi. Usilipe hata shilingi kabla hujafika kituoni ukaelezwa taratibu za aina unayoitaka, hata kama muuzaji anakuapia kwamba "hii ya upepo haina shida". Na ninachozungumzia hapa ni kulenga shabaha. Ndege na wanyama wa porini wana sheria yao ya mwaka 2009. Wakulima wa mtama na uwele wameshaniuliza kama bunduki hii itawasaidia dhidi ya kwelea kwelea. Haitawasaidia. Kundi la kwelea kwelea huja kwa maelfu kwa maelfu, wewe unapiga risasi moja kisha unakoki upya.

Sasa tuingie ndani ya chuma. Ukikoki, unabana springi nene iliyo nyuma ya pistoni. Ukivuta triga, springi inafyatuka, pistoni inakimbia mbele, hewa ya ndani ya silinda inabanwa na kupenya kwenye tundu dogo lililo nyuma ya risasi, na risasi inaondoka. Pistoni ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikifika mwisho na kugota, bunduki inasukumwa mbele. Yote hayo hutokea risasi ikiwa bado haijatoka mtutuni. Ndiyo maana bunduki ya springi ni ngumu kuilenga kuliko inavyoonekana, na kitu chochote kilicholegea, hata skrubu moja, kinaonekana kwenye karatasi.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini namba kubwa ya kwenye boksi inanitia wasiwasi. Kasi nyingi inataka springi ngumu na pistoni inayogota kwa kishindo, na kishindo hicho kinarudi kwenye kitako, kwenye darubini, kwenye kila bolti. Isitoshe, namba hizo mara nyingi hupimwa kwa risasi nyepesi za aloi, si zile za madini ya risasi (ledi) ambazo utazitumia kila siku. Risasi ya upepo ikikaribia kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340, yaani futi 1,115, kwa sekunde, huanza kuyumba. Unalipia kasi inayoharibu shabaha.

Ujerumani, bunduki za upepo zinazouzwa bila kibali zina kikomo cha jouli 7.5 (jouli ni kipimo cha nishati ya risasi inapotoka mtutuni). Uingereza kikomo cha bunduki ndefu ni kama jouli 16, na kwa nguvu hiyo hiyo Waingereza hushindana kulenga vibao vya chuma hadi umbali wa mita 50. Kwa hiyo mtu wa Nkuhungu au Kizota anayetaka kulenga karatasi kwenye mita 10 au 20 hana sababu ya kutafuta zaidi. Kwangu mimi, kati ya jouli 7 na 16 ndiko kwenye bunduki nafuu zinazodumu.

Ukiishika dukani, anza na mtutu. Bunduki nyingi za bei ya chini hukokiwa kwa kuvunja mtutu, yaani unaukunja kuelekea chini. Ina maana kila unapopiga, mtutu unafunguka na kufunga, na unatakiwa kurudi palepale kila mara. Ufungue nusu, uushike kwa ncha, uusukume kushoto na kulia. Ukicheza kama mlango wenye bawaba iliyochoka, iache. Angalia kinachoushikilia: bolti yenye nati ya kufungia inaweza kukazwa miaka ijayo, lakini pini iliyogongwa ikishalegea imelegea. Kisha ufunge na usikilize. Nataka mlio mmoja mkavu, na mtutu uliofungwa usitikisike hata kidogo.

Hapo hapo tazama sili, ile pete laini kwenye mwisho wa nyuma wa mtutu unapokutana na silinda. Kuna kipimo rahisi kinachofanyika uwanjani: kata kipande chembamba cha tishu, kilaze juu ya maungio hayo, weka risasi, piga. Tishu ikiruka, hewa inavuja pale, na kila risasi itatoka na kasi yake. Sili hiyo ni spea ndogo na fundi yeyote makini anaibadilisha. Sili ya pistoni ni kazi kubwa zaidi. Springi imebanwa kidogo hata bunduki ikiwa haijakokiwa, kwa hiyo kuifungua bila kibanio maalumu ni hatari. Usiifungue sebuleni.

Triga ni jambo la pili. Triga ngumu, ya kuvuta na kuvuta bila kujua itaachia lini, itakufanya ukose hata mtutu ukiwa mzuri. Weihrauch ya Mellrichstadt, Ujerumani, imekuwa ikitumia triga iitwayo Rekord kwa miaka mingi, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kumtajia bunduki yao ya HW30S mtu anayeanza. Ni nyepesi, haina kishindo kikubwa, inakokiwa bila kutoa jasho, na spea zake zinajulikana. Diana 34 nayo ni ya daraja hilo la kudumu, ila ina nguvu na uzito zaidi. Zote mbili si za bei ya chini kabisa. Lakini bunduki ya Kijerumani iliyotumika, yenye mtutu usio na kutu, ikibadilishwa springi na sili, kwa maoni yangu inaishinda mpya yenye boksi la kung'aa. Bunduki zenye mtutu usiokunjwa, zinazokokiwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kama HW97 au TX200 ya Air Arms, zinatunza shabaha vizuri mno, ila uzito na bei yake vinamshinda anayetafuta nafuu.

Siku hizi utaambiwa pia kuhusu zile zenye silinda ya gesi badala ya springi. Zina sifa zake: zinatulia, na hazichoki haraka zikiachwa zimekokiwa. Kwa mtu anayeishi Dodoma, bado nachagua springi ya chuma. Springi ikichoka inakuambia mapema, kasi inashuka polepole, na mpya unaitia ukaendelea. Silinda ya gesi ikivuja, unasubiri nyingine kutoka mbali.

Kinachoua bunduki nyingi ninazoletewa ni mafuta. Mtu anaona chuma, anadondosha mafuta ya injini au ya kupikia kwenye tundu la hewa "ili ilainike". Hewa ikibanwa kwa kasi inapata joto kali, mafuta yanawaka, unasikia mlio mkubwa na unaona moshi ukitoka mdomoni mwa mtutu. Wengine hufurahi wakidhani imeongezeka nguvu. Mlipuko huo unaunguza sili na kuikatisha springi. Grisi kidogo ya molibdenamu kwenye springi na kwenye vyuma vinavyosuguana inatosha, tena wakati wa matengenezo tu. Nje, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi. Kiangazi chetu cha upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba, kinaleta vumbi jingi, na vumbi likikutana na grisi iliyozidi linakuwa msasa. Itunze kwenye mfuko wake.

Usiiachie bila risasi ndani, maana hakuna kinachoizuia pistoni kugota kwa nguvu zake zote. Usiiache imekokiwa ukaenda kunywa chai, maana springi inachoka. Na wakati wa kuweka risasi, shika mtutu kwa mkono wa pili usiuachie, kwa sababu triga ikiteleza mtutu unafunga kwa nguvu inayoweza kukata kidole.

Risasi zenyewe zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Kwa shabaha chukua 4.5 mm. Ile ya 5.5 mm ni nzito na njia yake ina mkunjo zaidi. Nunua makopo madogo ya aina tatu au nne, za kampuni kama JSB, H&N na RWS, ujaribu kila moja, kwa kuwa mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti. Ukiipata inayokusanyika, shikamana nayo. Usizibebe mfukoni pamoja na funguo. Sketi yake nyembamba ya nyuma ikibonyea, haiendi ulikolenga.

Darubini ya kawaida ya bunduki kubwa inaweza kuharibika upesi kwenye springi kwa sababu ya ule msukumo wa mbele. Kama huna fedha ya darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za upepo, tumia vilengeo vya chuma. Kwenye mita 10 vinakutosha kabisa.

Ukienda kuijaribu, nenda asubuhi kabla upepo haujaanza. Weka karatasi mbele ya magunia ya mchanga. Usiegemeze shabaha kwenye majabali yetu ya Dodoma, risasi inagonga mwamba na kurudi. Vaa miwani. Usiilaze bunduki moja kwa moja juu ya gunia wala usiikumbatie kwa nguvu: ilaze juu ya kiganja kilicholegea, uiache itikisike inavyotaka, ila kila mara kwa namna ile ile. Kabla ya kuanza, kaza skrubu za kitako kwa bisibisi inayoingia sawasawa. Piga tano. Kwenye mita 10, matundu yakikusanyika ndani ya milimita 15, hiyo nunua. Yakitawanyika, kaza skrubu tena, badilisha risasi, rudia. Yakiendelea kutawanyika, mrudishie mwenyewe. Ukishanunua, agiza springi moja na sili zake siku hiyo hiyo, wakati namba ya modeli bado unaikumbuka.