Tetekuwanga, mkanda wa jeshi na ndugu zake: maswali na majibu kuhusu virusi vya herpesi

Neno herpesi likitajwa, wengi hufikiria ugonjwa wa zinaa tu, na mazungumzo yanaishia hapo kwa aibu. Aibu hiyo inawachelewesha watu kupata tiba. Haya ni maswali ambayo sisi tunaofanya kazi na wagonjwa tunaulizwa mara nyingi, mengine kwa sauti ya chini baada ya mlango kufungwa.

Herpesi ni ugonjwa gani hasa?

Si ugonjwa mmoja, ni ukoo wa virusi. Vinavyoishi ndani ya binadamu ni vinane, au tisa ukihesabu kuwa namba sita imegawanywa mara mbili. Namba moja na mbili ni herpesi simpleksi, vinavyoleta malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri. Namba tatu huleta tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Namba nne ni Epstein-Barr, tano ni sitomegalo, sita na saba huwapata zaidi watoto wadogo, na nane inahusika na saratani ya Kaposi.

Tabia yao moja ni hii: vikishaingia mwilini havitoki. Vingine hulala kwenye mishipa ya fahamu, vingine ndani ya chembe nyeupe za damu, vikisubiri kinga ishuke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho kirusi namba moja peke yake. Kwa hiyo huenda hata wewe unayesoma hapa unacho kimojawapo, na yaelekea zaidi ya kimoja.

Kila nikiumwa, midomo yangu inababuka. Si malaria hiyo?

Wengi husema "homa imetokea mdomoni", na hawakosei sana. Malaria yenyewe haitoi malengelenge. Homa, iwe ya malaria, ya mafua au ya nimonia, inaamsha herpesi namba moja iliyokuwa imelala kwenye mshipa wa fahamu wa uso tangu utotoni. Jua kali, uchovu na hedhi navyo huiamsha. Utasikia mwasho au kuungua pembeni mwa mdomo kwanza, kisha vilengelenge vidogo vilivyosongamana, vinapasuka, vinafanya gaga. Mara nyingi hupona ndani ya wiki moja hadi mbili. Kupima malaria pima, lakini usimeze dawa ya malaria kwa kuangalia mdomo.

Nimepimwa damu nikaambiwa nina herpesi namba mbili. Mume wangu anasema nimetoka nje ya ndoa. Nimjibu nini?

Mwambie kipimo hicho hakina tarehe. Kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi. Hakisemi ulikipata mwezi uliopita au miaka 15 kabla hamjajuana, wala hakisemi ulikipata kwa nani. Watu wengi wenye namba mbili hawajawahi kuona kidonda hata kimoja, au waliona kijipele wakadhani ni kunyoa vibaya. Inawezekana kabisa aliyekileta nyumbani ni yeye mwenyewe bila kujua, na inawezekana ni wewe, pia bila kujua. Isitoshe, baadhi ya vipimo hivyo vimeonekana kutoa majibu chanya yasiyo ya kweli, yakiwemo majibu ya tafiti zilizofanyika Uganda. Nimeshuhudia ndoa zikitikisika kwa karatasi ya maabara ambayo hakuna aliyekaa na wahusika kuwafafanulia, na hilo linaniuma.

Yanayofaa kuzungumzwa nyumbani ni mengine. Siku za vidonda, au mkisikia mwasho unaovitangulia, msikutane kimwili. Kondomu inapunguza maambukizi lakini haizuii yote, kwa sababu haifuniki ngozi yote. Dawa ya asaiklovia inafupisha shambulio, na anayeshambuliwa mara kwa mara anaweza kupewa ya kumeza kila siku. Na wote wawili mpime VVU: mwenye herpesi namba mbili ana hatari ya kuambukizwa VVU inayokaribia mara tatu ya asiye nayo.

Herpesi namba moja nayo inaweza kushuka sehemu za siri kupitia ngono ya mdomo.

Mkanda wa jeshi ukizunguka mwili mpaka ncha zikutane, mtu anakufa?

Hapana. Imani hii imetia watu hofu vizazi kwa vizazi, na ukweli wake ni kinyume. Tetekuwanga ikipona, kirusi chake hurudi nyuma na kulala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo. Miaka mingi baadaye, kinga ikichoka, kinatembea kwenye mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Mshipa huo unahudumia upande mmoja tu wa mwili, ndiyo maana upele husimama karibu kabisa na mstari wa katikati, kama uliochorwa kwa rula.

Maumivu hutangulia siku mbili tatu kabla ya upele, na hapo ndipo watu hupotea. Anayeumwa ubavuni anadhani ni figo, wa kifuani anadhani ni moyo, anachuliwa dawa ya misuli. Kisha malengelenge yanatoka, majirani wanaanza kunong'ona, anajifungia ndani na kujipaka majivu au dawa ya meno. Anafika zahanati siku ya saba, wakati dawa inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele uonekane.

Dawa hiyo ni asaiklovia ileile, na dozi ya mtu mzima huwa mara tano kwa siku kwa siku saba, na wengi hukosea hapo. Njia rahisi ni kufuata saa: 12 asubuhi, 4 asubuhi, 8 mchana, 12 jioni na 4 usiku, na maji ya kutosha. Kuwahi ni muhimu kwa sababu maumivu yanaweza kubaki miezi kadhaa baada ya ngozi kupona, hasa kwa wazee. Mtu anashindwa hata kuvumilia kanga kupita juu ya ngozi.

Upele ukitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani jicho liko hatarini. Kijana akipata mkanda wa jeshi ashauriwe kupima VVU, ingawa si kila mwenye mkanda anavyo. Uzee peke yake unatosha. Funika upele kwa nguo safi: majimaji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua.

Mtoto wangu alikuwa na homa kali siku tatu, ikashuka, ndipo upele ukatoka. Ni surua?

Kwenye surua homa na upele huenda pamoja, na macho huwa mekundu. Homa kushuka kisha upele wa waridi kutokea ni alama ya kirusi namba sita, mara nyingine namba saba. Hupona chenyewe. Ila homa yake huweza kuleta degedege. Mlaze mtoto ubavu, usimtie chochote mdomoni, mpeleke apimwe malaria na homa ya uti wa mgongo.

Ni kweli virusi hivi vinaleta saratani?

Viwili, ndiyo, na kimoja kilijulikana kupitia watoto wa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa pale Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini. Akaandika kuhusu uvimbe huo mwaka 1958, na mwaka 1961 akaendesha gari pamoja na wenzake wawili hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi unaonekana. Ulifuata maeneo yenye joto na mvua, kama malaria. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake.

Karibu kila mtu ana kirusi hicho, na wachache mno hupata saratani. Malaria ya mara kwa mara utotoni ndiyo inayosaidia kuifungulia njia. Mtoto akivimba taya na meno yakalegea, msimng'oe meno mkasubiri. Uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miezi, lakini unatibika kwa dawa ukiwahiwa.

Cha pili ni namba nane, kile cha saratani ya Kaposi, kilichogunduliwa 1994. Madoa ya zambarau au meusi miguuni au kwenye kaakaa, pamoja na mguu kuvimba, yanahitaji daktari. Kwa wenye VVU, ARV peke yake mara nyingine huyapunguza.

Mjamzito achunge nini?

Akiwa na vidonda sehemu za siri uchungu ukianza, amwambie mkunga mapema. Huenda akajifungua kwa upasuaji. Hatari kubwa zaidi ni kupata herpesi kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua. Mwenye kidonda mdomoni, hata akiwa bibi mzaa mama, asimbusu mtoto mchanga.

Kingine ni sitomegalo, ambacho huweza kumwachia mtoto uziwi. Kinakaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo. Mama mwenye mimba aache kumalizia uji wa mwanawe kwa kijiko kilekile, na anawe kwa sabuni kila akibadilisha nepi.

Kuna chanjo?

Ya tetekuwanga ipo, na ya mkanda wa jeshi ipo, ila hazimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Tanzania; uliza hospitali binafsi. Ya herpesi simpleksi bado haijapatikana.